Namba ya Simu ya Steshenari

Siku niliyoripoti kazini Mwanhuzi, wilayani Meatu, Mkuu wa Shule hakuniuliza nimesomea kufundisha nini. Alichukua barua yangu ya kupangiwa kituo, akautazama mwandiko niliojazia daftari la mapokezi, akasema, "Mwandiko wako unasomeka. Utashika fomu za kidato cha sita." Walimu waliokuwa ofisini wakacheka. Baadaye nikajua kwa nini. Kazi ile haikuwa na posho wala kipindi kwenye ratiba, na mtoto akikosa chuo, lawama zote ni zako. Nimeifanya hadi nimestaafu, na naandika haya nikiwa na hasira. Anayetafuta kumbukumbu za bibi mpole aishie hapa.

Enzi hizo maombi ya chuo na ya mkopo yalijazwa kwenye karatasi. Mwanafunzi alijaza kwanza kwa penseli, mimi nikakagua, kisha akarudia kwa kalamu. Kwenye mkopo palikuwa na sehemu ya mdhamini, yaani mtu anayekubali kubanwa mkopaji akitoweka, na sehemu ya hali ya familia. Hapo wazazi wa Meatu walinichekesha. Mzee ana zizi huwezi kuona mwisho wake, anaandika hana mali. Ukimuuliza ng'ombe, anakwambia wale ni wa ukoo, yeye anawachunga tu.

Mkuu yule alikuwa mkali, lakini alinifunza kazi. "Anayejaza ni mwenye fomu," aliniambia. "Wewe Madam ni macho tu. Siku ukimshikia kalamu, umemnyang'anya." Nilipohamishiwa Maswa nikamkuta Mkuu mwanamama aliyekuwa akiniazima kompyuta yake mwenyewe, maana maombi yalikuwa yamehamia mtandaoni. Watoto walipanga foleni nje ya ofisi yake, kila mmoja akiandika taarifa zake kwa kidole kimoja, polepole. Ilitupasa kuvumilia, na tulivumilia.

Kisha nikahamishiwa Bariadi, kituo changu cha mwisho.

Shule ile ilikuwa na chumba kizima cha kompyuta zilizoletwa na wafadhili. Zilifunikwa vitambaa vilivyodariziwa, utadhani makochi ya sebuleni. Ufunguo aliushika Mkuu wa Shule, na chumba kilifunguliwa wageni wakija. Nilimwomba watoto wakaombee chuo humo kabla hawajaenda kambini kwenye mafunzo ya jeshi, ambako huwa hawana simu.

"Madam, wataziharibu," akanijibu. "Viongozi wakija tuwaonyeshe nini? Wapeleke steshenari. Ndiyo kazi yao wale."

Nilimwandikia Afisa Elimu. Akanijibu kwa simu, akicheka, kwamba nimwache Mkuu aendeshe shule yake. Basi nikawapeleka steshenari. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nikawakabidhi kwa yule kijana mwenye duka karibu na soko, nikarudi kusahihisha mitihani. Sikusimama nyuma yao hata siku moja. Hilo silisemi ili nihurumiwe.

Miongoni mwao alikuwepo Nkwimba, binti wa mkulima wa pamba wa Ipililo, Mzee Masanja. Katika miaka yangu yote sijaona kichwa cha kemia kama kile. Alitaka kusomea ufamasia. Matokeo yalipotoka yalikuwa mazuri, na alipotoka kambini, kipara na mweusi kwa jua, akakuta kwenye orodha iliyotangazwa kwamba amechaguliwa na vyuo viwili. Aliyechaguliwa na zaidi ya kimoja lazima athibitishe anakokwenda, kwa msimbo unaotumwa kwenye simu aliyoandika wakati wa kuomba. Asipothibitisha, nafasi zote mbili wanapewa wengine, na mkopo unakwenda nazo. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Alikuja kwangu na baba yake asubuhi.

"Mwangaluka, mayu," mzee akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama. "Mtoto anasema ujumbe haujafika. Simu yangu sijaizima, tangu pamba inaota."

Nikamuuliza Nkwimba aliandika namba ya nani.

"Sikuandika mimi, Madam. Yule kaka alisema anaweka ya kwake kwa wote, ndiyo haraka. Na nywila zetu alibaki nazo kwenye kaunta buku lake."

Yule bwana alikuwa akifanya hivyo makusudi, ili kila mtoto akitaka kufungua akaunti yake alazimike kurudi dukani. Tukaenda. Duka limefungwa. Jirani akatuambia amekwenda Maswa kununua pamba, msimu ndiyo huu. Tukapanda gari sote watatu, tukamkuta mchana amesimama kwenye mizani, vumbi la pamba kichwani.

"Hiyo laini imo kwenye simu niliyoizima, kwenye droo dukani, mwalimu," akasema bila kugeuka. "Na buku limo humo humo."

"Tupe ufunguo."

"Dukani kuna mali yangu. Nitakuja mwenyewe nikimaliza kupakia."

"Lini?"

"Kesho kutwa hivi. Kwani chuo kinahama?"

Nilimtukana. Sijawahi kumtukana mtu hadharani kabla ya hapo, na wapakiaji waliacha magunia wakanitazama. Mzee Masanja alinishika mkono, akamsihi yule kijana kwa Kisukuma, kwa upole ambao mimi nisingeuweza, akimwita mwanangu. Hakutupatia ufunguo.

Alirudi Bariadi siku moja baada ya dirisha la uthibitisho kufungwa. Akafungua droo, akaiwasha simu mbele yetu. Ujumbe ukaanza kuingia, mmoja, mwingine, mwingine. Haikuwa misimbo ya Nkwimba peke yake. Ilikuwa ya watoto wangu kumi na mmoja. Simu ilitetemeka juu ya meza mpaka ikasogea ukingoni.

Mzee Masanja aliinamia kioo, akakitazama sana.

"Mayu," akasema, "namba si hii hapa? Basi iandike."

Nkwimba alitoka nje. Mimi nilibaki nikimweleza baba yake jambo ambalo kwa mtu mwenye akili timamu halielezeki. Nilipiga simu vyuo vyote viwili, nikajibiwa kwa adabu kwamba nafasi imeshatolewa. Nilikwenda kwa Mkuu wa Shule na orodha ya majina, akasema ni bahati mbaya, watoto wawe makini na namba zao.

Vijana mnaoanza kazi hii, kuna atakayewaambia kujaza maombi ni shughuli ya steshenari. Msimwamini, hata akiwa bosi wenu. Kaeni nyuma ya mtoto mpaka aandike namba inayomfikia na aondoke na nywila yake. Nkwimba aliomba tena mwaka uliofuata, kwa simu ya baba yake, na sasa yuko chuoni. Watu hupenda kuniambia, basi Madam, yameisha. Yameisha kwa nani? Wale kumi hawakuomba tena. Mmoja anaendesha bodaboda, ananibeba na kukataa nauli, na siwezi kumtazama usoni.

Shule ilinifanyia sherehe ya kuniaga. Mkuu alisimama akasema kwamba katika mikono yangu hakupotea mtoto hata mmoja. Watu wakapiga makofi. Nilipopewa kipaza sauti nilishukuru kwa zawadi, kisha nikaanza kuyataja majina kumi, taratibu, la mtoto na la baba yake. Nilipofika la sita, Mkuu alimwashiria mshereheshaji, muziki ukafunguliwa. Manne yaliyobaki niliyataja kwa kupiga kelele.