Kilo ya Mama Ndeshi

Kutoka Newala hadi Dar es Salaam nilitumia karibu wiki nzima, maana Rufiji ilikuwa imefurika na kivuko hakivuki. Tulilala ukingoni tukila mihogo ya kuchoma. Nilifika na matope hadi magotini, na hivyo hivyo nikaenda karakana ya mizani, Mchafukoge, ambako shule yetu ya ufundi ilinipeleka kwa mafunzo ya kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu Mkuu wa Karakana, akinitazama miguu. "Kaoge kwanza. Mizani haipendi uchafu."

Kazi yetu, vijana, ilikuwa kuhakikisha kwamba kilo ya Kariakoo ni sawa na kilo ya Magomeni. Tulipimia mawe ya shaba, yaani vipimo halisi, ambayo hayakushikwa kwa vidole vitupu kwa kuwa hata jasho lina uzito. Nilitamani sana kubaki pale.

Sukari ilikuwa adimu, kila mtu kilo moja. Asubuhi moja balozi wa nyumba kumi alikuja mbio: watu wa foleni wanataka kumburuta Mama Ndeshi, muuzaji wa duka la ushirika, hadi ofisi ya chama, eti anapunja.

Mkuu akanikabidhi sanduku la mawe. "Nenda peke yako. Usitafute mwizi, tafuta kosa la mizani. Ukiharibu huko, urudi kwenu Newala."

Nilimkuta hamali mmoja akiinua pakiti yake juu. "Nimeipima duka la jirani, imepungua! Kupe huyu!"

"Kupe mwenyewe!" Mama Ndeshi alijibu. "Sukari yako nimeila lini, baba?"

"Mwacheni, labda imeyeyuka kwa uzuri wake," mtu akasema nyuma, watu wakacheka vibaya.

Ilikuwa mizani ya sahani mbili. Nikamwomba aondoe jiwe la kilo.

"La nini? Kila mtu kilo moja. Siku hizi siliondoi kabisa."

Alipoliondoa, sahani ya sukari, ingawa tupu, ikashuka chini ya mwenzake badala ya kulingana nayo. Watu wakapiga kelele. Nikajua nimemtia mama wa watu mikononi mwao. Nikaigeuza sahani. Chini yake sukari ilikuwa imeyeyuka kwa fukuto la pwani ikaganda kama kashata, na sisimizi wamejaa.

"Juu nafuta kila siku!" Mama Ndeshi akasema. "Chini nani anatazama?"

"Ndio ujanja wenyewe huo!" hamali akadakia.

Mizani haipimi nia ya mtu. Lakini Mama Ndeshi aliinama, akatoa kikapu chake chini ya meza, na ndani yake pakiti iliyofungwa kwa uzi.

"Hii ni ya wanangu. Nilijipimia leo kabla sijafungua mlango. Ipime."

Nilikwangua sahani, nikaiosha, nikaikausha. Kwa desturi ya karakana yetu, mwenye kulalamika ndiye anayeweka jiwe, ili asiseme fundi ana mkono mwepesi. Nikamfunga hamali kitambaa mkononi, akaweka. Pakiti ya Mama Ndeshi ikapanda juu.

Bibi mmoja akaangua kicheko. "Maskini! Kajipunja mwenyewe!"

"Mama, samahani," hamali akasema.

"Samahani baadaye. Una miguu mirefu. Wakimbilie walioondoka, waje waongezewe."

Mkuu aliposikia hakunisifu. Alisema tu, "Kesho utakwenda Ilala," nami nikajua nimeajiriwa.

Baadaye nilitumwa Tabora, Bukoba, Mtwara. Sijui kutulia, na hata sasa, baada ya kuacha kazi, bado miguu inaniwasha. Nimepima pamba, kahawa na korosho za taifa hili, na sijawahi kuona haya. Lakini fahari yangu kubwa ni siku niliyoondoka Dar es Salaam moja kwa moja. Nilipita dukani kununua sukari ya safari. Foleni nzima ikitazama, Mama Ndeshi aliondoa jiwe, akaigeuza sahani, akaionyesha kulia na kushoto, ndipo akapima.

"Hata mimi, mama?"

"Wewe kwanza, mwanangu."

Hakunizidishia hata punje. Nikaenda stesheni kichwa kimevimba.