Mchwa na Kundi la Wasajili

Mimi ni msajili wa vitu vya kale katika makumbusho moja hapa Malindi. Wasajili wa pwani tuna kundi letu kwenye simu, eti la kupeana ujuzi. Siku nilipoona udongo wa mchwa ukipanda mlango wa nakshi, niliuliza kundini nitumie dawa gani. Wa kwanza alijibu, "Ijumaa Mubarak." Wa pili alileta picha ya waridi. Mkubwa wetu, bingwa wa kuhutubia warsha, akaniandikia pembeni: "Siri ya kazi haimwagwi ovyo, mwanangu."

Siri! Mchwa hana macho, hana cheti, wala hajawahi kunywa chai ya warsha, lakini akionja mbao tamu huwaita wenzake wote.