Mkate wa Baba Ukutani

Baba yetu, Ergash, alioka mikate mjini Margilan maisha yake yote na hakuwahi kuusifu hata mmoja. Akionja mkate wowote, hata wake mwenyewe, alisema, "Chumvi imezidi." Siku aliyopelekwa hospitali aling'ata mkate, kama afanyavyo kila msafiri kwetu, na mama akautundika kwenye msumari ukutani ili arudi aumalize. Hakurudi.

Mwaka ulipotimia tangu afariki tuliwalisha majirani pilau. Walipoondoka, mdogo wangu Zulhumor aliutazama ukuta.

"Kaka, tuushushe?"

"Na nani aumalize? Mwenyewe hayupo."

"Kutupa mkate hatutupi. Au unataka wajukuu waurithi?"

Mama akaleta chai. "Baba yenu ameanza. Nyie ni wake. Tuumalize."

Tuliuchovya kwenye chai mpaka ukalainika kiasi, tukagawana sisi watatu. Kipande chenye alama ya meno yake alikichukua mama. Tukatafuna.

"Vipi?" mama aliuliza.

Zulhumor alimeza kwanza. "Chumvi imezidi."

Mama aliitikia kwa kichwa, akaenda kuung'oa msumari.