Wastani wa Sukari ya Mama

Steshenari yangu iko Magomeni, hapa Kilosa, na kompyuta yake inaendeshwa kwa Linux kwa sababu ya flashi za wateja. Kila aliyeleta wasifu wake kuchapishwa alileta na virusi, mpaka siku moja mashine ikagoma kuwaka. Fundi akaniambia, "Dada, nakuwekea Linux, hao wadudu hawataiweza." Alisema kweli. Kilichobaki ni mimi kujifunza mashine upya ukubwani, na mimi subira sina.

Mwaka huo Mama, anayeishi Mikumi na Baba, alikuwa na kisukari ambacho vidonge vilianza kukishindwa. Daktari wa kliniki ya hapa Kilosa alitaka miezi mitatu ya vipimo: kimoja asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni, kingine usiku baada ya chakula. Wastani wa asubuhi ukizidi nane, alisema, tunaanza sindano. Mama aliitikia vizuri tu pale kliniki, akaja kutetemeka nje. Dada yake alianzishwa sindano na mwaka haukuisha tukamzika. Daktari alieleza kwamba marehemu alichelewa kuanzishwa, lakini kichwani mwa Mama sindano ndiyo iliyomuua, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Baba ndiye aliyepima. Alitoboa kidole, akasoma kile kipimo kidogo, akaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake ulionyooka: tarehe, saa, namba. Miezi mitatu hakuruka hata siku moja. Siku moja kabla ya kliniki walikuja Kilosa kulala kwangu, wakapitia dukani mchana. Nikawaamkia, Mama akaitikia marahaba yake kwa sauti ndogo, akakaa kwenye benchi la wateja na kukumbatia mkoba. Baba akanikabidhi daftari kwa mikono miwili.

Nilijaza namba zote kwenye jedwali. Nikaandika fomula ya wastani, ikanijibu Err:508. Nikaifuta, nikaandika upya, Err:508. Nikaitukana kimoyomoyo kwa sababu wazazi walikuwa wanasikia. Kumbe nilifungua mabano mawili nikafunga moja. Nilipoyafunga ikaja #DIV/0!, eti nagawanya kwa sifuri! Miezi mitatu ya vipimo iko mbele yake, yeye haoni hata kimoja. Hapo nilihangaika kama nusu saa, huku mteja wa kitambulisho akingoja kopi yake, ndipo nikagundua kwamba kwenye kila kisanduku cha saa nilikuwa nimeandika neno "saa" mbele ya namba. Mashine ikaona maneno matupu. Nikafuta "saa" zote, nikabaki na 1:00 na 2:00, nikaiambia fomula ichukue kila kipimo cha kabla ya saa nne. Ikakubali bila kelele.

Kumi nukta nne.

Nilikaa nikiitazama ile namba. Nilitamani makosa yangu yarudi. Mama akauliza, "Imetoka?" Sikuwahi kumdanganya mama yangu kwa jambo kubwa, nikamwambia. Hakulia. Alikunja pindo la kanga yake mara mbili, mara tatu, akasema, "Haya. Niandikie na jina la hiyo dawa, nilizoee." Moyo uliniuma mpaka nikajifanya naokota kitu chini ya meza.

Baba alisogea karibu na kioo cha mashine. Hajui kompyuta, lakini alikuwa mtu wa reli kama baba yake, na maisha yake yote amekuwa na saa mbili kichwani. Kituoni aliishi kwa saa za reli, zinazoanza kuhesabiwa katikati ya usiku. Akitoka kazini anarudi kwenye saa zetu, zinazoanza jua likichomoza. Kuna abiria wengi waliowahi gari moshi kwa sababu Baba aliwageuzia saa papo hapo kwenye dirisha la tiketi.

Aliweka kidole juu ya kioo, jambo ambalo mteja akilifanya namfokea.

"Nani alimpima mama yako saa saba usiku?"

"Baba, hiyo ni saa moja. Umeandika mwenyewe."

"Mimi nimeandika saa moja. Hiyo mashine imeandika saa saba ya usiku. Hii kumi na tatu ni ya saa mbili baada ya ugali. Inafanya nini kwenye asubuhi?"

Nikaona. Kwangu kabla ya saa nne ilikuwa asubuhi, nikasahau kwamba usiku nao una saa moja yake na saa mbili yake. Baba hakuandika asubuhi wala usiku, kwa kuwa nyumbani kwao hakuna asiyejua: mstari wa kwanza jua limetoka, wa pili wamekula. Nami nilikuwa nimechota vyote, vya njaa na vya shibe, nikamhukumu mama yangu navyo.

Tulikaa bega kwa bega. Yeye akasoma, mimi nikaandika. "Saa moja asubuhi, andika saba. Saa mbili usiku, andika ishirini." Alikuwa anafurahi waziwazi, sauti yake imerudi ya kituoni. Tulipomaliza nikabonyeza, wastani wa asubuhi ukaja: saba nukta moja.

Mama alipiga vigelegele mpaka muuza mitumba wa jirani akaja kuchungulia. Nampenda mama yangu kila siku, ila siku ile nilimpenda kupita kiasi.

Ningeishia hapo. Lakini nilishavimba kichwa, nikataka daktari aone kazi safi, nikapanga na vipimo vya usiku peke yake. Vingi vilikuwa vya kawaida yake. Vichache vilipanda sana, kumi na sita, kumi na saba, na vyote viliangukia Jumamosi, wiki moja ndiyo, inayofuata hapana.

"Jumamosi hizi mnakula nini?" nikauliza, kwa ukali kidogo.

Baba akamtazama Mama. Mama akatazama barabara.

"Ni Jumamosi unazokuja," Baba akasema.

Nilikuwa nawapelekea vitumbua, na soda mbili kubwa. Mama alikuwa anakula mbele yangu, anasifu, anaongeza.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Unaamka alfajiri kupika, unafunga safari mpaka Mikumi umekumbatia sufuria. Nikuambie sitaki? Niliogopa ukikosa cha kuniletea utaona huna sababu ya kuja."

Nililia palepale kaunta, mteja mmoja akashika kopi zake na kuondoka bila kudai chenji.

Kesho yake daktari alimwachia vidonge vyake, bila sindano. Jumamosi yangu iliyofuata nilishuka Mikumi mikono mitupu, naona aibu kama mgeni asiyejua adabu. Mama alikuwa mlangoni. Akaitazama mikono yangu, akaichukua yote miwili, akaiweka mashavuni mwake, na hakuiachia hata Baba alipotukaribisha ndani mara ya pili.