Dereva wa Siku Aliyekataa Kiti cha Mgonjwa

Ni Ijumaa, jua halijachomoza, na Uweso Shekhe wa Makorora ameshaingia kwenye ghala la mafuta ya taa. Anazungusha hendeli, lori linakohoa. Anazungusha tena, linanyamaza.

"Hili lina maringo ya bibi harusi," anasema, analipiga boneti kofi dogo, anazungusha mara ya tatu. Linawaka.

Nje ya lango wenzake watano wamechuchumaa. Nao ni madereva, wana leseni kama yeye, na kadi za chama cha madereva mfukoni. Lakini wote, pamoja na yeye, ni wa siku. Hupata lori pale tu dereva wa mwezi anapokosekana.

"Kitendawili!" anapaza sauti mmoja wao, Mwinyijuma.

"Tega!"

"Namwombea mwenzangu afya, akipona, nalala njaa."

"Dereva wa siku!" wanajibu kwa pamoja, wanacheka, mmoja anatema mate pembeni.

Ndivyo mambo yalivyo hapa mwaka huu wa 1957. Dereva wa mwezi hupata shilingi mia moja na themanini, augue asiugue. Wa siku hupata shilingi tano kwa siku aliyoendesha, na mwezi mwingine siku zenyewe hazizidi kumi. Njia ni ile ile, madebe ni yale yale, kuanzia maduka ya mjini mpaka Mwera huko Pangani. Uweso amekwenda hivyo miaka minne.

Lori analoendesha sasa ni la Laurenti, dereva wa mwezi aliyevunjika mguu akishusha madebe. Juma lililopita msimamizi alimwita Uweso kando. Akamwambia Laurenti anaondolewa. Kiti ni chake, kwa mwezi, mradi ajitoe chamani na kurudisha kadi. Jibu alitaka Ijumaa.

Nyumbani mkewe, Mwanasiti, hakuona la kufikiri. "Chukua, Baba Asmahani. Watoto hawali kadi."

"Na Laurenti?"

"Laurenti ana ndugu zake. Mimi nina paa linalovuja."

"Mke wangu alisema kweli, ningembishia nini?" anasimulia Uweso. Akapanda baiskeli mpaka Pongwe, kwa Laurenti.

"Karibu, mtani," Laurenti alimlaki, mguu kaulaza juu ya gunia. "Umekuja kuniuguza au kunipima kaburi?"

Uweso akamweleza yote, hakuficha. Benedikta, mke wa Laurenti, akaacha kutwanga. Laurenti aliuweka sawa mguu juu ya gunia.

"Haya, chukua," akasema mwishowe. "Nami nikipona nitakuja kuchuchumaa pale langoni, nikungoje wewe uugue."

Maneno yale, asema Uweso, yalimwingia kuliko kilio. "Nilidhani napewa kazi. Kumbe tunabadilishana tu mahali pa kuchuchumaa."

Basi Ijumaa hiyo, alipokwisha zunguka na madebe, alimwendea msimamizi. "Bwana, kazi ya mwezi naitaka, tena sana. Lakini si ya Laurenti, na kadi siirudishi."

Msimamizi alinyoosha mkono, akachukua ufunguo wa lori.

Mkutano wa chama siku ya pili yake haukuwa mwepesi. Baadhi ya madereva wa mwezi walinung'unika: wahatarishe mishahara yao kwa ajili ya watu wa siku? Uweso akasimama.

"Kaka zangu, kiti cha Laurenti kimenadiwa kabla mfupa haujaunga. Nyinyi vyenu mnadhani vimepigiliwa misumari?"

Mkono mmoja ukanyanyuka, ukafuata mwingine, mpaka ikawa taabu kumwona asiyenyanyua. Wakakubaliana: Laurenti atunziwe nafasi yake, na dereva wa siku aliyetimiza mwaka aandikwe wa mwezi. La sivyo, Jumatatu hakuna lori litakalotoka.

Uweso anasimulia haya kibarazani kwake, Jumapili. Hajui kama watashinda, lakini kesho pale langoni atakwenda.

"Nikiandikwa, mshahara wa kwanza nanunua mabati, nitoe haya makuti," anasema. "Nisipoandikwa, nitarudi tena kudai. Kuomba nimeshachoka."

Mwanasiti anachagua mchele pale pembeni. 

"Mtasimama wangapi?" anauliza, bila kuinua uso.

"Kumi na saba."

"Na mmefikiri mtakula nini, au mtakula kadi?"

Uweso anacheka. Mkewe anaweka ungo chini, anajifunga kanga kiunoni, anatoka kwenda kwa jirani kuazima sufuria kubwa.