Mwezi wa Tano wa Tumpale

Miaka haina haraka katika milima ya Ileje. Mti wa kahawa hupandwa na baba, huchumwa na mwana, na mjukuu akaja kuukuta ungali wima. Watoto waliobatizwa pamoja huonana tena mvi zikiwa zimekwisha kuingia. Katika mwendo huo wa taratibu Tumpale alizaliwa karibu na Itumba, akakua, akateremka Tunduma kuwapikia madereva wa malori, na huko akaolewa na Lwitiko, kijana wa Ikinga anayepakua mizigo mpakani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na wali mzuri. Dereva aliyesubiri kibali cha kuvuka aliweza kuukasirikia ulimwengu mzima, lakini hakumkasirikia Tumpale.

Mimba yake ya kwanza ilitoka katika mwezi wa nne. Mwenyezi Mungu alipomjalia ya pili, Lwitiko hakutaka tena asimame kutwa mbele ya moshi. Akampeleka Ikinga kwa wazazi wake, apumzike mpaka ajifungue.

Baba mkwe, Mzee Yesaya, ni mzee wa kanisa na mtu wa desturi. Wazee wa huko walishika mwiko kwamba mkazamwana, yaani mke wa mwana, na baba mkwe wasitazamane wala wasisemezane. Katika nyumba nyingi mwiko huo umelegea. Katika nyumba ya Yesaya ulikuwa imara kama nguzo zake. Kila aliporudi kutoka shambani aliimba kwa sauti kuu tangu mbali, ili Tumpale apate nafasi ya kuingia jikoni na kufunga mlango. Tumpale naye alimwekea chakula juu ya kigoda barazani, akagonga ukuta, akaenda zake. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, nao walipendana sana.

Ikatukia kwamba mama mkwe, Agnes, alikwenda Tunduma kumuuguza dada yake, na nyumbani wakabaki mzee na mkwewe peke yao. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tano. Alasiri moja mzee alirudi na mzigo wa majani ya ng'ombe, akiimba kama kawaida, lakini hakusikia mlango wa jiko ukifungwa. Alisikia kilio.

Akasimama nyuma ya zizi. Kuondoka hakuweza, kuingia hakuthubutu. Mwishowe akamgeukia ng'ombe wake mwekundu.

“Faida,” alisema kwa sauti, “muulize mama wa nyumba hii, ni ugonjwa au ni msiba?”

Ng'ombe akaendelea kutafuna. Kilio kikakatika.

“Aa, Faida! Ukikamuliwa makelele, ukitumwa bubu!”

Kule jikoni Tumpale alicheka bila kupenda, akapenga kamasi. “Faida, mwambie baba si ugonjwa,” alijibu. “Siumwi popote, na hilo ndilo linaloniliza. Kichefuchefu kimekwisha, matiti hayaumi tena, nalala vizuri. Ile ya kwanza ilianza hivihivi: nilipona ghafla, kisha nikaipoteza. Na huyu hajacheza hata mara moja. Baba, naona nimebeba maiti.”

Alikuwa amemsahau ng'ombe. Mzee akautua chini mzigo wake wa majani.

“Faida, mwambie maneno hayo si ya kuambiwa ng'ombe, wala mzee wa kanisa. Ni ya kuambiwa nesi. Avae viatu.”

“Naogopa atakachoniambia.”

“Mwambie hata mimi naogopa. Basi tutaogopa huku tunatembea.”

Wakashika njia ya zahanati, mzee mbele bila kugeuka, mkwewe nyuma kwa mbali. Walipofika kijitoni mzee akapaza sauti: “Faida, mwambie jiwe la pili linateleza!”

“Faida tumemwacha zizini, baba.”

“Basi jiwe lenyewe na limwambie!”

Muuguzi wa zahanati, Frida, alikuwa mgeni kutoka upande wa Mbozi. Alimkuta mzee nje, ameuelekea ukuta kando ya dirisha, akiueleza habari za mimba.

“Shikamoo, mzee. Mbona unaongea na ukuta?”

“Marahaba, mwanangu. Mkwe wangu yumo ndani, upande wa pili.”

“Kumbe bado mpo watu wa hivyo!” Frida alicheka, akaingia ndani.

Alimlaza Tumpale ubavu, kisha akamgeuza taratibu na kumpapasa. Tumbo la uzazi lilikuwa limepanda karibu na kitovu, mahali panapostahili. Akasikiliza hofu yote mpaka mwisho, ndipo akasema, “Dada, kichefuchefu kuisha katika mwezi wa nne au wa tano ni kawaida kabisa. Mwili umezoea. Wenzako hunijia hapa wakishangilia, wewe unalia! Na kucheza kwa mtoto, wengine husikia mapema, wengine wiki ya ishirini imekwisha kupita. Mwanzoni si teke. Ni kama kitu kidogo kimegeuka ndani ya maji. Labda amekwisha kucheza, wewe ukasema ni maharage.”

“Sasa nitajuaje kama yu hai?”

“Tumsikilize.”

Akapaka mafuta tumboni, akaweka kifaa kidogo chenye spika. Kwanza ukaja mvumo mtupu. Kisha pigo la polepole. Tumpale akashika ukingo wa kitanda. “Huo ni moyo wako,” alisema Frida, akakisogeza kifaa chini kidogo, akakisogeza tena. Hapakuwa na kitu. Nje ya dirisha, mzee aliyekuwa akinong'ona sala alikatiza katikati ya neno.

Ndipo sauti ikaja: nyepesi, ya haraka, isiyokosea mpigo, kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka ng'ambo ya bonde.

“Nesi,” aliita mzee, angali ameuelekea ukuta, “hiyo ni mashine ya nani?”

“Ya mjukuu wako, mzee!”

Yesaya akavua kofia yake, akaketi chini palepale penye vumbi.

Ndani, Tumpale alilia upya, kilio cha namna nyingine, na Frida akamwacha mpaka alipotosheka. Kisha akamweleza yanayokuja: kiuno kitauma, pua itaziba, misuli ya miguu itakaza akilala, alale ubavu, asiache vidonge vya kuongeza damu. “Lakini ukiona damu, au maji yanatoka, au kichwa kinauma sana na macho yanaona giza, au uso umevimba, njoo saa ileile. Na akishazoea kucheza kisha akanyamaza, usikae nyumbani kulia. Njoo.”

“Damu, maji, kichwa, macho, uso,” sauti ilirudia kutoka nje, “na kunyamaza.”

“Mzee, kumbe nawe una mimba?”

“Ninayo, mwanangu. Nimeibeba tangu tulipovuka kijito.”

Wakarudi Ikinga kama walivyokuja, mmoja mbele, mmoja nyuma. Wiki iliyofuata, Tumpale akichambua maharage, kitu kidogo kiligeuka ndani yake, kikatulia, kikageuka tena. Safari hii hakukosea kukijua.

Leo mimba iko mwezi wa saba, na mengi bado yamo mikononi mwa Mungu peke yake. Yeye aliyempa mtoto huyo pumzi asiyoivuta bado, amfikishe salama katika saa yake. Ampe Tumpale nguvu, na uchungu wenye mwisho mwema. Amlinde Lwitiko kati ya malori ya mpakani, amrejeshe Agnes nyumbani kwa amani, na amwongezee Mzee Yesaya siku, apate kumpakata mjukuu ambaye hakuna mwiko utakaomzuia kumtazama. Amina.