Kiraka Juu ya Jina la Madame Clotilde

Chisanga alikuwa mama fundi wa nguo katika mtaa wa Kamalondo. Kibanda chake kilibanwa kati ya baa mbili zilizoshindana kupiga muziki tangu mchana, na humo alishona sare za shule, akabadilisha zipu, akapunguza suruali za watu waliokonda. Shule aliyosoma yeye ndiyo aliyosoma binti yake Keren, na mwalimu alikuwa yuleyule: Madame Clotilde, aliyewahi kumshika Chisanga mkono ili aandike jina lake kwa mara ya kwanza. Sasa Madame alikuwa anastaafu.

Wazo lilikuwa la Chisanga. Aliwaomba watoto wa darasa la Keren walete kila mmoja kipande cha shuka jeupe lililochakaa, akawapa kalamu za rangi.

"Muchore kintu yenye mutakumbuka ya Madame," aliwaambia. "Hata kama haiko muzuri, ni yenu."

Dan alichora mdomo wenye meno yote, maana Madame alicheka hivyo. Keren alichora mkono na chaki. Précieux, mtoto asiyependa kusema, alichora darasa siku ya mvua: bati linavuja, Madame ameshika mwavuli wake juu ya dawati la watoto, na yeye mwenyewe analowa. Hilo lilitokea kweli, na si mara moja.

Chisanga alifuata michoro yote kwa sindano, mstari kwa mstari, bila kunyoosha kilichopinda. Alizungushia kila mchoro kitambaa cha bikwembe, vile vitenge vya rangi, akatandika ndani blanketi jepesi, akaunganisha vyote hadi likawa bulangeti zito la kufunika mtu mzima. Katikati alitarizi kwa uzi mwekundu: ASANTE MADAME CLOTILDE.

Mkuu wa shule, Bwana Sylvain, alipoliona alilisifu sana. Akataka likae ofisini kwake mpaka sherehe, kwa sababu, alisema, kule kwenu Kamalondo kuna vumbi. Maneno hayo yalimchoma Chisanga, lakini alimwachia.

Siku ya sherehe alikuja mgeni, mkubwa wa kampuni moja ya madini. Ilisemwa kwamba atasaidia kubadilisha bati la shule. Aliwekewa kiti cha sofa mbele kabisa. Madame Clotilde alipewa kiti cha plastiki nyuma, pamoja na akina mama. Bwana Sylvain alihutubia kwa Kifaransa kirefu juu ya ukarimu wa mgeni. Juu ya Madame alisema sentensi moja, akampa mkono na chupa ya chai ndani ya mfuko wa plastiki. Kisha akasema: "Na sasa, watoto wetu wamemshonea mgeni wetu zawadi."

Wasichana wawili walilifungua bulangeti mbele ya watu. Wageni wakapiga makofi. Watoto wa darasa lile hawakupiga. Walitazamana, kisha wakamgeukia Madame, naye akainamisha macho.

Chisanga hakuangalia watoto. Aliangalia katikati ya bulangeti. Pale palipokuwa na maandishi mekundu palikuwa na kiraka cha kitambaa cha buluu, kimeshonwa kwa mashini, haraka haraka, uzi umelegea. Mtu alikuwa amekaa chini, akachukua kitambaa, akapima, akalifunika jina la mwanamke aliyefundisha mtaa mzima. Haikuwa bahati mbaya. Hilo ndilo lililomtoa kwenye kiti.

Alipita katikati ya watu hadi mbele.

"Bwana Direktere, hii bulangeti iko ya Madame Clotilde. Batoto balimuchorea yeye."

"Mama, ikala kwanza," Bwana Sylvain alisema kwa sauti ya chini, akimwonyesha kiti chake huku akitabasamu upande wa mgeni. "Tutaongea nyuma."

"Sitaikala. Nani alibandika hii kitambala hapa?"

Chisanga akashika ncha ya kiraka, akakivuta. Uzi ulikatika wote kwa mkupuo mmoja. Watoto, waliokuwa wamekatazwa kusema, wakasoma pamoja kwa sauti, kama walivyofundishwa kusoma ubaoni: asante, Madame, Clotilde.

Mgeni aliuliza kwa Kifaransa Madame Clotilde ni nani. Akaonyeshwa. "Basi mpeni mwenyewe," alisema, akatazama saa yake, na muda mfupi baadaye akaondoka.

Ungedhani jioni ile Madame angemkumbatia. Alilipokea bulangeti kwa mikono miwili, akamvuta Chisanga pembeni, penye ukuta wa choo.

"Mwanangu, ungeniacha tu," alisema. "Mimi nilishazoea."

"Madame, njo hiyo inaniuma," Chisanga alijibu. "Wewe kuzoea. Juu ya nini uzoee?"

Madame alikaza mikono juu ya bulangeti.

Bwana Sylvain bado ni mkuu wa shule. Mbele ya kamati ya wazazi alieleza kwamba kulikuwa na kutoelewana kidogo juu ya utaratibu wa sherehe. Sare za shule sasa zinashonwa na fundi mwingine. Bati halijabadilishwa, na kila mvua inapovuja darasani, wapo wazazi wanaosema ni kosa la Chisanga, alimfukuza mfadhili. Wanasema hivyo wakiwa na Keren mbele yao. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mkuu wa shule kiraka kilitoka wapi.

Juzi mama yake Précieux alileta gauni la kupunguza, mtoto akiwa naye. Précieux alisimama karibu na mashini, akauliza:

"Mama Keren, Direktere alitaka kuiba bulangeti ya Madame?"

"Nyamaza," mama yake alimwambia. "Mutoto hasemake vile juu ya bantu bakubwa."

Chisanga alisimamisha mashini.

"Umuache, dada, anauliza muzuri," alisema. Akamgeukia mtoto. "Ndiyo. Alitaka kuiba."

Kisha akachukua gauni, akaanza kufumua pindo.